Udongo wa Ukingo wa Juu

Tarehe 3 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshaniamkia. Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika, lakini magoti ni watumishi, kazi yao kunung'unika. Wewe je, unakula? Mara ya mwisho ulipokuja shingo yako ilikuwa kama ya mtungi wangu, ila mtungi wangu una tumbo.

Mitungi yako kumi na miwili nimempa dereva wa lori la mbao leo asubuhi. Kila mmoja nimeufunga majani makavu ya peke yake, na nimemwambia dereva akivunja hata mmoja, mimi namjua mama yake. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa sikiliza, maana nyinyi wa maofisini mnadhani kitu kikifika kimekwisha. Siku ya kwanza watu wasinywe. Jaza, acha maji yalale humo, mwaga, jaza tena, mpaka harufu ya moshi itoke. Usiioshe kwa sabuni. Mtungi hunywa sabuni kama unavyokunywa maji, halafu wagonjwa wenu watakunywa mapovu. Usiuweke chini sakafuni. Mtafute fundi seremala awatengenezee vigoda vyenye tundu, tako la mtungi likae sawasawa. Mwambie huyo Matroni wako, mkubwa wa kituo, kwamba maji ya tangi la plastiki ni maji yaliyochemshwa na jua. Haya ya kwangu yatawafanya wagonjwa wasahau walichokuja kuumwa.

Baba yako mdogo kaniambia tena, "Mama, pumzika." Nikamuuliza nipumzike nikafanye nini, nikae kibarazani nihesabu nzi? Mimi nilianza na miaka saba, nikiiba udongo wa mama yangu na kuufinyanga chini ya kitanda. Aliponikamata alinichapa kwa wizi. Halafu akakiangalia nilichofinyanga, akanichapa tena kwa sababu mdomo ulikwenda upande. Tangu hapo sijaacha. Nilipoolewa, kabla sijauliza jiko liko wapi niliuliza udongo uko wapi. Babu yako alikuwa akiwaambia watu kwamba mume wangu ni udongo, yeye ni shemeji tu. Siku nikiamka nisiushike, mikono inahangaika kama mtu aliyesahau kitu motoni.

Kwa hiyo usiungane nao. Wewe uliiagiza, na mimi nimefanya.

Bibi yako


Tarehe 21 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yameacha kunung'unika. Mimi ninakula, na hata shingo imenenepa kidogo, njoo uipime.

Mitungi imefika yote kumi na miwili, hakuna hata ufa. Tumeipanga kwenye ukumbi wa kusubiria, pale wanapokaa wajawazito na akina mama wanaoleta watoto kupimwa uzito. Seremala ametengeneza vigoda vinavyofika kiunoni, ili mtu achote bila kuinama. Kuna mzee anatuchotea maji kisimani, wote tunamwita Mzee Ndoo, yeye ndiye anayeijaza kila asubuhi. Watu wanaisifia sana. Mama mmoja alikunywa vikombe vitatu, akauliza mfinyanzi ni nani. Nikasema kwa kifua mbele, ni bibi yangu mzaa baba.

Ila Bibi, kuna jambo. Juzi nilikuwa nafuta vumbi, nikaona kwenye mtungi mmoja pamebanduka ganda la ukubwa wa ukucha. Hapakugongwa. Limebanduka lenyewe likaacha kishimo, na katikati ya kishimo pana doa jeupe kama unga. Jana nimeona mengine mawili, kwenye mitungi mingine. Matroni bado hajaona. Mimi ndiye niliyemshawishi, yeye alitaka tununue matangi mengine.

Hii ni kawaida? Niambie ili nilale.

Ningepiga simu kwa jirani yako, lakini unamjua, anaweka sauti juu mtaa mzima usikie.

Mjukuu wako


Tarehe 29 Mei

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, nashukuru umeuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa herufi, ya pili kwa hasira. Herufi nilijifunza ukubwani na nywele nyeupe kichwani, nikikaa benchi moja na wauza mkaa. Hasira nilizaliwa nayo.

Unaniuliza mimi kama ni kawaida! Nimefinyanga kabla baba yako hajaota meno. Kuna watu wamezikwa wakiwa wazee na mitungi yangu bado iko majumbani mwao inatoa jasho. Hakuna aliyewahi kuniandikia habari za ganda.

Udongo ule niliung'ata. Unakumbuka au mjini kumekusahaulisha? Kabla ya kuchimba naweka tonge katikati ya meno ya mbele, nasaga polepole. Kama kuna jiwe, jino linasema. Kama kuna mchanga mnene, jino linasema. Mama yangu aliung'ata hivyo hivyo, na mama yake. Ule ulikuwa laini kama mafuta. Sikusikia kitu.

Kwa hiyo tafuta hapo hapo ulipo. Huyo mtu wa ndoo, unamwangalia anavyojaza? Ndoo ya bati ikigusa mtungi kila asubuhi, hata jabali lingebanduka. Au kuna mfagiaji mwenye sabuni. Mtu mvivu akikosa pa kuegemea huegemea mtungi wa mwenzake. Chunguza watu wako kabla hujachunguza mikono yangu.

Na doa jeupe ni chumvi ya maji yenu ya kisima. Futa kwa kitambaa.

Sijakasirika.

Bibi yako


Tarehe 6 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mwili mzima, roho haijakaa.

Nimechunguza watu wangu kama ulivyoniambia. Siku tatu hizi nimefika mapema kabla ya Mzee Ndoo, nikakaa mlangoni na daftari la stoo nikijifanya nahesabu glavu. Anajaza kwa kata, Bibi. Ndoo anaiweka chini hatua mbili kutoka kwenye kigoda, na anachota kata kwa kata kama anamnywesha mtoto. Hajagusa mtungi hata kwa kiwiko. Na hapa hakuna sabuni, nimeifungia mwenyewe.

Lakini madoa yanaongezeka. Mtungi mmoja nimehesabu kumi na tisa. Mwingine una mstari mwembamba kutoka kwenye doa moja mpaka jingine, na unyevu umekaa kwenye mstari huo. Si ule unyevu wa mtungi wote, ni wa mstari. Nimefuta, umerudi.

Mtungi ukijaa una uzito wa mtoto wa miaka mitano, na umekaa kiunoni mwa watu. Chini yake wanakaa akina mama na watoto wanatambaa.

Naomba unijibu mambo mawili. La kwanza, udongo huu ulitoka shimo lile la chini, la kijitoni, ambako tulikuwa tunashuka pamoja? La pili, niishushe au niiache? Nikiishusha lazima nimwambie Matroni kwamba udongo una kasoro, na baada ya hapo hataagiza kitu chako tena. Sitaki kuisema mikono yako vibaya kabla wewe mwenyewe hujaniruhusu.

Neno moja tu, Bibi. Nitalifuata.

Mjukuu wako


Tarehe 13 Juni

Mjukuu wangu,

Salama hapa. Umeomba neno moja.

Iache.

Hilo la shimo gani ni swali la mtu anayeniona nimechoka. Maswali ya namna hiyo ninayo ya kutosha hapa nyumbani, baba yako mdogo ananipa bure.

Bibi yako


Tarehe 16 Juni

Mke mwenzangu,

Uko salama? Nauliza kwa kweli, siulizi kwa mazoea.

Ishushe. Ishushe yote leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma. Mwaga maji, itoe kwenye vigoda, kisha urudi usome.

Umerudi? Basi.

Mtungi wa kumi na tatu niliubakiza hapa kwangu, wa chimbo lile lile. Jana nilikuwa nimekaa karibu nao nasugua kokoto yangu ya kung'arishia, nikasikia, tak. Kama mtu amevunja kucha. Ganda limeruka likaangukia mguuni kwangu. Nikalichukua nikaenda nalo mlangoni penye mwanga, na pale katikati nikaona kipande cha konokono. Gamba la konokono, dogo kama punje. Likiingia motoni linageuka chokaa. Chokaa hiyo inalala ndani ya ukuta wa mtungi. Ikinusa maji inaamka, inavimba, inausukuma udongo kutoka ndani. Mtungi unatoka motoni mzuri, unalia vizuri ukiupiga kidole, na umeshakufa. Mama yangu alinionyesha mara moja nikiwa msichana. Alivunja vyungu thelathini mbele za watu, akanipa mimi nyundo nimalizie.

Sasa nakujibu swali ulilouliza. Udongo haukutoka shimo la chini. Kule kuna ngazi za kuchimbwa ardhini ishirini na sita, na mwaka huu nikishuka sipandi. Mara mbili nilikaa mle ndani mpaka mkwe wangu, mke wa baba yako mdogo, akaja kunitafuta, na nilimwambia nilikuwa napumzisha udongo. Nilikwenda ukingo wa juu, kwenye kona ya kijito, ambako unachimba ukiwa umesimama. Mama yangu hakuwahi kuchimba pale. Nilijisemea labda hakupata nafasi.

Na niliung'ata, sikukudanganya. Ila niliung'ata na haya meno uliyonipeleka nikawekewa. Ni meno mazuri kwa kucheka, na kwenye picha napendeza. Lakini hayana habari. Jino la mtu lina mzizi, linaongea na kichwa. Haya ni kama vibao vya mlango, unagonga upande huu, upande wa pili hawasikii. Jana nimeyatoa, nikauweka udongo mbichi kwenye gego moja lililobaki huku nyuma. Nimesikia magamba. Yamejaa.

Huyo mtu wa ndoo hana kosa. Mfute kwenye maneno yangu.

Barua hii naipeleka posta kesho.

Bibi yako


Tarehe 25 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sijui nianze wapi. Tangu uliponiandikia "Iache" sijapata jingine kutoka kwako.

Juzi asubuhi, saa tatu na ukumbi umejaa, ule mtungi wenye mstari ulifunguka. Haukuanguka. Ulifunguka kama mtu anafungua mikono, tumbo lote likateremka na maji yake. Chini yake alikaa mama mmoja, fundi cherehani, alikuja kumpima uzito binti yake. Mtoto alikuwa amebebwa na shangazi yake wakati ule, namshukuru Mungu. Kipande cha tako la mtungi kilimwangukia mama mguuni. Mifupa miwili ya juu ya mguu imevunjika. Ni mguu wa kulia, Bibi, ule wa kukanyagia pedali. Wakati wanamfunga alikuwa hasemi maumivu, alikuwa anasema, "Sare za watu, sare za watu."

Matroni aliuliza nani alikuwa wa mwisho kuugusa. Watu wote wakanitazama mimi. Na mdomo wangu ukasema maneno yako. Nilisema huenda ndoo iliugonga.

Sikusema "iliugonga." Nilisema "huenda." Lakini Matroni hakusikia huenda. Mzee Ndoo aliitwa ofisini, na alipotoka aliinamisha ndoo zake zote nne kando ya ukuta zikauke, akakunja kitambaa chake cha bega, akaenda. Hakunitazama. Miaka tisa amefanya kazi hapa.

Mitungi kumi na mmoja iliyobaki nimeimwaga maji, iko stoo pamoja na mimi. Nikikaa kimya naisikia. Inabanduka. Tak, halafu kimya, halafu tak.

Uliniambia niiache.

Mjukuu wako


Tarehe 4 Julai

Bibi,

Shikamoo.

Leo nimepata barua yako uliyoandika tarehe 16 Juni. Ile inayosema ishushe hata kabla hujamaliza kusoma. Nimeisoma nimesimama kaunta ya posta. Halafu nikageuza bahasha nikaangalia muhuri. Muhuri wa posta ya huko kwenu ni wa tarehe 28.

Siku kumi na mbili, Bibi. Fundi aliumia tarehe 23.

Sina swali. Wewe mwenyewe unajua swali.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Julai

Mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa naona uliiandika kama mtu anayelipa nauli. Una haki. Hapa wote wazima, isipokuwa mimi, na mimi sina ugonjwa.

Barua zako mbili zimefuatana. Baba yako mdogo alinikuta nimekaa nazo, akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia toka nje.

Siku kumi na mbili. Nitakuambia zilikwenda wapi. Niliiandika barua nikaiweka ndani ya kitenge changu, nikasema, siwezi kumpelekea mtoto kosa tupu mkononi. Nilitaka kosa liende na dawa yake. Nilitaka dereva wa lori akushushie mitungi kumi na miwili mipya, ya udongo wa shimo la chini, na barua iwe juu yake. Ungesoma kwamba bibi yako alikosea, na huku unaona kwamba bibi yako bado ni bibi yako. Hivyo ndivyo nilivyotaka kusomwa.

Nikashuka ngazi ishirini na sita. Nilishuka kwa makalio kama mtoto. Udongo nilipandisha kidogo kidogo kwa kikapu, siku tatu. Nikautwanga, nikauloweka, nikaufinyanga. Kisha ukawa haukauki. Mawingu, unyevu, na udongo hauna habari na haraka ya mtu. Kila asubuhi nilikuwa naugusa tumbo naona bado baridi, na ubaridi maana yake maji yamo. Kila asubuhi nilikuwa nasema, kesho. Wiki ya pili nikaupeleka juani, jambo ambalo nikimwona mtu mwingine akilifanya ningemchapa. Tarehe 27 nikauchoma. Mitungi saba ilipasukia motoni. Nilikaa nikayatazama majivu mpaka yakapoa, na kesho yake ndipo nikaenda posta.

Hizo ndizo siku kumi na mbili. Fundi aliumia mimi nikiwa nasubiri mitungi ikauke ili nisionekane mzee. Sina namna ya kuisema ikawa nzuri zaidi.

Sasa lililobaki. Mzee wa ndoo. Mimi ndiye niliyemtia mdomoni mwako, kabla hata sijamjua jina. Nenda kwa Matroni na barua yangu ya tarehe 16. Msomee yote, na yale ya meno msomee, acheke asicheke shauri lake. Mwambie mtungi ulikufa kwangu, haukufia kwa ndoo ya mtu. Fanya hivyo siku utakayopata barua hii. Jioni niandikie, umefanya.

Nataka kusikia neno hilo tu.

Bibi yako


Tarehe 17 Julai

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujashuka tena zile ngazi.

Sijafanya.

Nilifika mpaka mlangoni kwa Matroni, barua iko mfukoni. Ndani alikuwa anaongea na watu waliotumwa kuchunguza ajali. Nikasikia mmoja anauliza, "Huyu mtunza stoo, aliona dalili yoyote kabla?" Matroni akajibu hapana, angeona angesema. Nikarudi stoo.

Bibi, fikiria. Nikisoma barua yako ile, watauliza ya kabla yake. Watajua nilihesabu madoa kumi na tisa nikakaa kimya. Wewe uko huko, mimi niko hapa. Wewe utasemwa, mimi nitafukuzwa. Mzee Ndoo ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, nasikia anakaa kwa mwanawe wa kwanza na hajalala njaa. Fundi anatibiwa bure. Ukweli ukitoka leo mguu hauungi haraka zaidi.

Na wewe pia, Bibi. Baba mdogo ameniandikia. Anasema jambo hili likijulikana atafukia shimo la chini kwa mawe, usishuke tena. Unataka hivyo? Mimi nakulinda na wewe pia.

Mitungi nitaivunja mwenyewe polepole, mmoja mmoja, vigae nitavitupa shimoni nyuma ya jengo. Baada ya miezi michache hakuna atakayeuliza. Naomba tuliache hapa. Nakuomba kwa jina la babu.

Mjukuu wako


Tarehe 24 Julai, kwenye benchi, nje ya kituo chenu

Mke mwenzangu,

Usishtuke ukiona barua haina stempu. Nimempa askari wa getini akuletee, nimemwambia aende polepole ili nipate kumaliza sentensi za mwisho, akasema Bibi, basi maliza kwanza. Kijana mwenye adabu. Kwa hiyo anasimama hapa ananisubiri.

Nimekuja na lori la mbao. Nimekaa mbele na dereva. Uliniomba kwa jina la babu yako. Babu yako aliuza mbuzi mgonjwa mara moja, akarudi usiku ule ule kumwambia mnunuzi. Kama unataka jina la kujifichia, tafuta la mtu mwingine.

Jana nilikwenda kwa fundi. Si mbali, wanamjua wote. Yuko kwenye chumba kimoja, cherehani imefunikwa shuka, mguu uko juu ya kiti. Nikamwambia mimi ndiye mfinyanzi. Aliniambia maneno ambayo siyaandiki, mengine sikuwahi kuyasikia na nimeishi miaka sabini na nne. Nilisimama nikayapokea mpaka yakamwishia. Kisha akaniambia kaa chini, utaanguka bure. Nikakaa. Nimemwachia mkwe wangu. Nilikuja naye, yeye anajua kushona, atakanyaga pedali mpaka sare za watu ziishe. Alinung'unika njia nzima. Nimemwambia anung'unike huku anakanyaga.

Leo alfajiri nikamtafuta mzee wa ndoo. Yuko kwa mwanawe kweli, na ni kweli hajalala njaa. Amekaa uani kwenye ndoo aliyoigeuza, anatazama ukuta. Ulisema hajalala njaa kama kwamba mtu anaishi kwa tumbo peke yake. Mimi baba yako mdogo ananilisha kila siku, na bado nikikosa kazi yangu nakufa. Nimemweleza yote mbele ya mwanawe. Nikampa mkono, hakuupokea. Nikamwambia basi twende usikie na masikio yako, akachukua kitambaa chake cha bega akanifuata, hatua tatu nyuma, mpaka hapa.

Leo saa mbili nimeingia kwa Matroni. Nimemsomea mwenyewe. Nina nakala ya kichwani, nilichoandika sisahau. Nilipofika kwenye meno, niliyatoa nikayaweka mezani kwake aone. Hakucheka. Aliniuliza kama nilijua nilipokuambia uiache. Nikasema nilikuwa sitaki kujua, na kwa mfinyanzi hilo ni baya kuliko kujua. Akaniuliza, "Na wewe Bibi, utaacha kazi hii?" Nikamwambia siachi. Nikirudi, mwanangu akifukia shimo nitalifukua. Ila sitachimba peke yangu, na udongo atang'ata mkwe wangu, ana meno thelathini na mawili kama punda na miaka yote alikuwa anayatumia kunisema. Na mtungi wa kuweka juu ya vichwa vya watu sitafinyanga tena. Vyombo vya kuweka chini, ndiyo. Matroni akasema hapa hakitaingia hata kisahani changu. Nikasema ni haki yake.

Mzee wa ndoo amerudishiwa kazi. Alikuwa amesimama mlangoni, amesikia mwenyewe.

Kisha Matroni akaniuliza habari zako. Kama uliona madoa. Hilo si la kwangu, la kwangu nimeshamaliza. Nimemwambia mjukuu wangu ana mdomo, muite. Akasema atakusubiri mpaka saa sita.

Huenda ukafukuzwa. Sitakudanganya kwamba hutafukuzwa. Ukifukuzwa njoo kwangu, kuna udongo na kuna mtu wa kukugombeza. Usipofukuzwa, utajaziwa maji kila asubuhi na mtu anayejua ulichofanya, na itabidi umsalimie.

Jengo lenu lina mlango wa nyuma, nimeuona. Pale huendi.

Sasa ni saa nne na nusu. Askari amechoka kusimama. Mimi nimekaa mwisho wa benchi upande wa ukuta, mzee amekaa mwisho wa pili, hataki kunisogelea. Katikati pamebaki pa mtu mmoja.

Bibi yako